Alama 30 Hazipimi Moyo

Jina lake lilipoitwa, kijana alisimama kizimbani, akatazama ukuta juu ya kichwa cha hakimu, akatabasamu. Shtaka lilikuwa la kumkata mtu panga. Ndugu wa majeruhi walikuwa wamejaza mabenchi mawili ya mbele, na tabasamu lile liliwachoma. Mama mmoja wa makamo aliyeketi kando yangu alinigusa kwa kiwiko. "Mtazame, mwanangu, anacheka. Huyo ni saikopathi."

Zamani kidogo angesema kijana ana roho mbaya au ana moyo wa jiwe, na sote tungejua kuwa hayo ni maoni ya mtu mwenye uchungu. Siku hizi neno limevaa koti jeupe la daktari. Linasikika redioni baada ya kila mauaji ya kutisha, linaandikwa chini ya picha za watuhumiwa, mawakili wanalitamka kama jina la ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa. Ndani yake mna imani inayoenea haraka: kwamba wako watu wasio na dhamiri kabisa, kwamba wanasaikolojia wana kipimo cha kuwatambua, na kwamba mtu akishapimwa akaonekana ni mmoja wao hakuna tena cha kuzungumza. Afungwe, asitoke.

Naipinga imani hiyo yote, kuanzia kipimo chenyewe.

Wanavyosema wenye kipimo

Kwanza nieleze hoja yao kama wao wenyewe wangeieleza. Mwaka 1941 Hervey Cleckley, daktari wa magonjwa ya akili wa jimbo la Georgia, Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho The Mask of Sanity. Aliwaeleza wagonjwa waliomsumbua kwa miaka: watu wenye akili timamu na maneno matamu, wasiosikia sauti wala kuona vitu visivyokuwepo, lakini wanaodanganya na kuwaumiza wengine bila kuonekana kuguswa. Miaka ya 1960 Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, alianza kazi katika gereza la British Columbia, na huko akaona tatizo la pili. Kila mtaalamu alilitumia neno lile kwa maana yake. Aliyeitwa saikopathi na daktari huyu, daktari wa pili alimwona mwizi wa kawaida.

Jibu la Hare lilikuwa orodha, ambayo toleo lake lililorekebishwa lilitoka mwaka 1991, na jingine mwaka 2003. Ina vipengele 20: ulaghai wa maneno, kujiona mkubwa, uongo wa mazoea, kukosa majuto, kukosa huruma, kufanya mambo bila kufikiri, makosa ya ujanani na mengineyo. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2, kwa hiyo jumla haizidi 40. Huko Marekani na Kanada, mtu akifika 30 huhesabiwa kuwa saikopathi. Ulaya mara nyingi hutumia 25. Mpimaji huzungumza na mfungwa kwa saa kadhaa, kisha husoma faili lake, yaani taarifa za polisi, za shule na za magereza, kwa sababu mtu anayepimwa uongo hawezi kuaminiwa kwa maneno yake peke yake.

Watetezi wanasema orodha hii imeleta nidhamu palipokuwa na vurugu. Wanasema pia kwamba wafungwa wenye alama za juu, kwa wastani, hurudia makosa zaidi kuliko wenye alama za chini. Hayo yote mawili ni kweli. Lakini neno "kwa wastani" linahusu kundi, na mahakama haihukumu kundi. Inamhukumu huyu aliyesimama pale mbele.

Kwanza: orodha inapima faili

Kipimajoto hakijali homa imetoka wapi. Orodha ya Hare inajali sana mtu ametoka wapi, na imeandika hivyo waziwazi. Miongoni mwa vipengele vyake 20 kuna utukutu wa utotoni, makosa ya ujanani, kuvunja masharti ya kuachiwa, na kutenda makosa ya aina nyingi. Mtu aliyeingia na kutoka gerezani tangu akiwa na miaka 14 ameshakusanya alama kabla hajafungua mdomo. Kisha alama hizo hizo zinapelekwa mahakamani kama ushahidi kwamba atatenda makosa tena. Tumechukua makosa yake ya zamani, tukayapa jina la kitabibu, tukayatumia kutabiri makosa yake yajayo, halafu tukashangaa kuwa utabiri una ukweli ndani yake. Kijiji chochote kingeweza kutabiri hivyo bila mwanasaikolojia.

Hoja hii si yangu peke yangu. Jennifer Skeem na David Cooke, watafiti wawili waliobobea katika jambo hili, waliandika kwamba uhalifu si kiini cha usaikopathi, na kwamba uwanja mzima umeanza kuichukua orodha kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Hare alitishia kwenda mahakamani. Makala yao, iliyokubaliwa na jarida mwaka 2007, ilichapishwa mwaka 2010. Chombo kinachopewa nguvu ya kuamua uhuru wa watu kilikingwa na mwenye chombo kwa tishio la kesi, na wasomaji wakasubiri miaka mitatu kusoma pingamizi.

Tusome vipengele vingine tukiwa tumekaa kwenye baraza letu wenyewe. Kimoja kinahusu kuishi kwa kuwategemea wengine, kama kupe. Kijana wa miaka 27 asiye na kazi, anayelala kwa mjomba wake na kula kwa shangazi yake, apewe ngapi? Kingine kinahusu kukosa malengo ya muda mrefu yenye uhalisia. Yule anayesema kila mwaka kwamba mwakani ataenda Dubai, naye hana hata pasipoti, apewe 1 au 2? Kingine ni ndoa nyingi za muda mfupi. Kingine ni maneno matamu na haiba, na hapa pwani tumewalea watoto wetu wajue kusema, tukamcheka asiyejua. Mpimaji makini atasema mwongozo unamtaka aangalie mazingira. Sawa. Lakini atayaangalia kwa macho ya nani, na faili lililoandikwa na askari aliyetaka kesi imalizike litamwambia nini kuhusu mjomba na shangazi?

Tena alama yenyewe hutikisika. Mwongozo wa orodha unakubali kwamba alama ya mtu inaweza kupotoka kwa takriban 3 juu au chini. Aliyepewa 30 huenda ni 27. Huyo wa 27 si saikopathi kwa mujibu wa orodha, na aliyepimwa ni yule yule.

Pili: majuto yasiyoonekana

Kipengele kinachoivuta zaidi mahakama ni majuto. Tunataka mtenda kosa alie. Asipolia, tunaona tumethibitisha kitu.

Mwaka 1976 polisi mmoja alipigwa risasi na kufa huko Dallas, Texas. Mwaka uliofuata Randall Dale Adams alisimama kizimbani kwa mauaji hayo. Kabla ya kuamua kama auawe au la, sheria ya Texas ilitaka wananchi wa jopo la mahakama wajue kama mtu huyu atakuwa hatari siku za mbele. Aliyeletwa kuwaambia ni daktari wa akili James Grigson. Alizungumza na Adams kwa muda mfupi gerezani. Adams alisimulia baadaye kwamba aliambiwa anakili michoro fulani, kisha aeleze maana ya methali, mojawapo ikiwa ile ya jiwe linaloviringika na kuvu. Kisha daktari akapanda kizimbani akasema mtu huyu hana majuto na ataua tena. Adams alihukumiwa kifo.

Adams hakuwa na majuto kwa sababu hakuwa ameua. Alikaa gerezani miaka 12. Filamu ya The Thin Blue Line ya mwaka 1988 ilionyesha jinsi ushahidi dhidi yake ulivyotengenezwa, na mwaka 1989 hukumu ikatupwa, akaachiwa. Yeyote anayetaka kuona jinsi usaikopathi unavyosomwa usoni asome kesi hii. Utulivu wa mtu anayejua kuwa hakutenda na ukavu wa mtu asiyejali vinafanana mno kwa anayevitazama kutoka nje. Mtaalamu aliyekwisha kuambiwa kwamba huyu ndiye muuaji ataona ukavu.

Grigson alitoa ushahidi katika kesi zaidi ya 150 za adhabu ya kifo, mara nyingi akisema ana uhakika kamili, na wakati mwingine bila kumwona mshtakiwa hata mara moja. Mwaka 1983, katika kesi ya Barefoot dhidi ya Estelle, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiambia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwamba utabiri wa namna hii kuhusu ukatili wa miaka ya mbele hukosea mara mbili kati ya tatu. Mahakama ikaruhusu ushahidi uendelee kutolewa. Chama kilimfukuza Grigson mwaka 1995, watu wengi wakiwa wameshauawa.

Tatu: mkono unaolipa

Hapa mtetezi ataninyanyukia: Grigson hakutumia orodha. Orodha ililetwa ili kuwazuia watu kama yeye. Hoja hiyo ina uzito, na kuna jaribio lililoipima.

Daniel Murrie, Marcus Boccaccini na wenzao waliwakusanya wataalamu zaidi ya 100 wa saikolojia na tiba ya akili wanaofanya kazi za mahakama, wakawapa mafunzo, kisha wakawapa mafaili halisi ya wahalifu wawape alama. Wataalamu walilipwa na kukutana na wakili. Baadhi waliambiwa wameajiriwa na upande wa mashtaka, wengine na upande wa utetezi. Ukweli ni kwamba hakukuwa na kesi, na mafaili yalikuwa yale yale kwa wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwenye orodha ya Hare, waliodhani wanafanyia kazi mashtaka walitoa alama za juu, na waliodhani wanafanyia kazi utetezi walitoa alama za chini. Hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wa kazi yao, na kila mmoja alidhani anasoma alichokiona.

Jambo moja katika jaribio hilo linasahauliwa. Walipewa pia chombo kingine kinachohesabu mambo makavu kama umri wa mtu na idadi ya hukumu zake. Hapo tofauti kati ya pande mbili ilikuwa ndogo. Ukimwambia mtu ahesabu, mwajiri hana pa kupenya. Ukimwambia apime huruma, majuto na ulaghai wa mtu mwingine, mwajiri anapenya kila mahali. Na hayo matatu ndiyo yanayoifanya orodha ya Hare iitwe orodha ya usaikopathi. Ukiyaondoa unabaki na rekodi ya polisi.

Nne: "hawatibiki"

Nguzo hii ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi. Inarudiwa hata na wasiojua ilitoka wapi, kwa hiyo nieleze ilipotoka.

Huko Penetanguishene, Ontario, kulikuwa na jengo la ulinzi mkali la hospitali ya akili liitwalo Oak Ridge. Kuanzia miaka ya 1960 uliendeshwa humo mpango ulioitwa tiba. Wanaume waliwekwa uchi pamoja katika chumba kidogo kisicho na dirisha, taa haizimwi, wakinyonya chakula kwa mirija iliyopitishwa ukutani, kwa siku kadhaa mfululizo. Walipewa dawa za kulevya, ikiwemo LSD, ili "kuvunja" kinga za nafsi zao. Wagonjwa walisimamia tiba ya wagonjwa wenzao. Kukataa hakukuwa hiari ya kweli.

Mwaka 1992 watafiti Rice, Harris na Cormier waliwafuatilia waliopitia humo, wakiwapa alama za usaikopathi kwa kusoma mafaili yao ya zamani. Waligundua kwamba wenye alama za juu waliotoka Oak Ridge walitenda ukatili zaidi kuliko wenzao waliopelekwa gerezani tu. Kutoka hapo ikazaliwa kauli iliyoenea duniani: ukimtibu saikopathi unamnoa.

Mwaka 2017 jaji wa Ontario alisema yaliyofanywa pale yalikuwa utesaji. Kwa hiyo matokeo ya mwaka 1992 yanatuambia nini? Kwamba baadhi ya watu waliovuliwa nguo, wakafungiwa na kuleweshwa kwa nguvu, walitoka wakiwa wabaya zaidi. Hilo halihitaji nadharia ya dhamiri iliyokufa. Lakini lawama haikwenda kwa chumba kile, wala kwa waliokijenga. Ilikwenda kwa waliofungiwa ndani yake, na tangu hapo kila mwenye alama 30 anaambiwa kwamba tiba haimfai, kwa ushahidi wa tiba iliyokuwa utesaji.

Kinyume chake kipo. Katika kituo cha Mendota, Wisconsin, vijana wenye tabia hizi na rekodi nzito za ukatili walihudumiwa kwa subira, siku hadi siku, na waliopata huduma hiyo walirudia ukatili kidogo kuliko waliobaki katika vituo vya kawaida. Mwaka 2020 Rasmus Rosenberg Larsen, Jarkko Jalava na Stephanie Griffiths walipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona kwamba madai matatu makubwa, kwamba wenye alama za juu wana hatari ya pekee, hawatibiki na hawana dhamiri, hayana ushahidi wa kuyabeba. Mwaka huo huo kundi la wataalamu wa orodha hii lilitoa tamko kwamba isitumike katika kesi za kifo kutabiri kama mtu atafanya ukatili gerezani, kwa sababu haiwezi kutabiri hilo kwa usahihi unaotakiwa. Baadhi ya walioifanyia kazi maisha yao yote wameweka saini kuizuia. Sisi ndio kwanza tunaisifu.

Tano: imepimwa juu ya nani?

Jeffrey Ewert ni Mmétis, mmoja wa watu wa asili wa Kanada, anayetumikia kifungo cha maisha kwa mauaji na jaribio la mauaji. Hakuiambia mahakama kwamba hana hatia. Alisema vyombo vilivyotumiwa na idara ya magereza kumpima, orodha ya Hare ikiwa kimojawapo, havijathibitishwa kuwa vinawapima sawasawa watu wa asili, na kwamba idara imelijua shaka hilo kwa miaka mingi bila kulifanyia utafiti. Tarehe 13 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubaliana naye. Sheria inaitaka idara itumie taarifa sahihi kuhusu mfungwa, na idara ilikuwa imevunja sheria hiyo.

Kanada ndiyo nchi ilikozaliwa orodha hii, ina fedha na ina vyuo. Mahakama yake ya juu imesema haitoshi kudhani kwamba chombo kinafanya kazi kwa wananchi wake wenyewe ambao hakikutengenezwa kwao. Sasa mtu anataka kuikamata orodha hiyo hiyo, aitafsiri jioni moja, na kesho yake akampime kijana aliyelelewa na bibi yake huko Kilifi, ambaye alifundishwa kumwinamia mtu mzima na kutomkazia macho, na kwamba mwanamume halii mbele za watu. Kuinamisha macho kutaandikwa ujanja. Kutolia kutaandikwa ukavu.

Sita: mlango ulio wazi Kenya

Sisemi haya kwa sababu ya Texas. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka katiba. Tangu hapo jaji wa kesi ya mauaji hana budi kumsikiliza mtu kabla ya kumpa adhabu, na miongoni mwa mambo aliyoelekezwa kuyatazama ni majuto ya mkosaji na uwezekano wa kurekebika. Hayo mawili ndiyo orodha ya Hare inayodai kuyajua. Mlango uko wazi, na shahidi wa kwanza atakayeingia na alama 32 mkononi ataonekana ameleta sayansi mahali ambapo wengine wote wameleta maneno.

Tusichanganye, maana watu wanachanganya. Mtuhumiwa wa mauaji anapopelekwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kabla ya kusomewa shtaka, anaangaliwa kama akili yake inamwezesha kuielewa kesi. Akirudi na jibu la ndiyo, hiyo haimaanishi kwamba amepimwa akakutwa mzima na kwa hiyo ni mnyama. Hakuna aliyepima moyo wake.

Mahakama zetu tayari zina njia nyingine ya kumjua mtu, ambayo haipewi heshima kwa sababu haina namba. Afisa wa probesheni hupanda matatu hadi kijijini, akazungumza na mama, na chifu, na jirani, na mara nyingine na familia ya aliyeumizwa, akaandika ripoti. Ripoti hiyo ina makosa yake: maafisa ni wachache, mafuta hayapo, na chifu huweza kuwa na kisasi chake. Lakini kila sentensi ina mwenyewe. Wakili anaweza kumwita chifu amuulize. Alama 32 anamwita nani?

Siku ile nilipotoka nje ya mahakama nilimkuta mama wa yule kijana chini ya mwarobaini, amekaa kwenye kanga aliyoitandika, chupa ya maji kando yake. Nilimpa pole. Nilimuuliza kuhusu tabasamu. Alisema amekuwa hivyo tangu darasa la pili: akiogopa, uso unacheka wenyewe. Mwalimu wake alimchapa kwa hilo mara nyingi, na kadiri alivyochapwa ndivyo uso ulivyozidi kucheka.

"Umemwambia mtu wa mahakama, mama?"

"Hakuna aliyekuja nyumbani."